Mahudhurio ya Babu Kompresa

Ofisi ya huduma za wanafunzi ilikuwa chumba chembamba kati ya stoo ya viti vibovu na vyoo vya wanaume, na aliyepanga hivyo hakuwapenda wanafunzi wala huduma. Kilikuwa na dirisha lililokatwa ukutani, lenye kibao cha mbao cha kuegemea viwiko, na nyuma ya dirisha hilo alikaa mwanamke ambaye chuo kizima kilimwita Shangazi. Hata mkuu wa chuo, aliyemzidi umri kwa miaka kumi, alimwita hivyo hivyo. Kwenye karatasi kazi yake ilikuwa kuandikisha watu kozi, kuwahamisha, kuwaandikia barua za waajiri na kufuatilia mahudhurio. Kazi yenyewe hasa ilikuwa kuwashika mkono watu wazima walioamua kurudi shule wakiwa na watoto, magonjwa na vichwa vilivyochoka.

Walikuja wa kila namna. Mlinzi mmoja alijiandikisha umeme wa majumbani akiwa bado na sare ya kazini, akasinzia kwenye foleni mpaka walio nyuma wakampita. Mama mmoja wa watoto watano alianza kompyuta, akagundua anaogopa kompyuta, akahamishiwa ushonaji, akagundua anaogopa cherehani. Shangazi akamhamishia upishi na kumwambia kwamba akiogopa na sufuria pia, basi arudi kwa mama yake akalelewe upya. Yule mama alimaliza kozi, na siku ya vyeti alilia begani kwa Shangazi mpaka blauzi ikalowa.

Chuo kile kilikuwa na sheria moja ngumu. Mwanafunzi akikosa mara mbili kwa mwezi bila barua, jina lake huletwa dirishani, na Shangazi hupiga simu nyumbani siku hiyo hiyo kuuliza kulikoni. Akikosa mara ya tatu anafutwa, na nafasi yake anapewa anayefuata kwenye orodha ya wanaosubiri. Mkuu wa chuo aliipenda sheria hiyo kwa sababu ilionekana vizuri kwenye ripoti. Shangazi aliichukia, kwa sababu yeye ndiye aliyewatazama usoni waliofutwa.

Ndipo alipoanzisha kile walichokiita kufunika. Alianza na mwanamke wa kozi ya malezi ambaye mtoto wake alilazwa. Shangazi akamwendea mwalimu, wakaelewana, na mwanamke yule akawekewa alama ya vema kwa siku ambazo hakuwepo. Baadaye wakafunikwa wengine, wenye zamu za viwandani, wenye mimba changa, wenye wazazi wagonjwa. Ili wasipotee njia, Shangazi alinunua daftari jekundu ambamo walimu wangeandika kwa siri nani hasa hakuwepo. Mwaka wa kwanza daftari lilijazwa vizuri. Mwaka wa pili lilijazwa siku walimu walipokumbuka. Mwaka wa tatu mtu aliweka kikombe cha chai juu yake, na tangu hapo likawa mahali pa kuwekea vikombe. Lakini katika miaka hiyo mitatu hakuna mtu mzima hata mmoja aliyefutwa, na Shangazi alijivunia jambo hilo kuliko vyeti vyake vyote.

Babu Kompresa alifika dirishani mwanzoni mwa mwaka, shati lake limepigwa pasi mpaka limekakamaa. Alikuwa na miaka sitini na miwili. Alifanya kazi kwenye kiwanda cha barafu miaka thelathini mpaka kilipofungwa, na sasa alitaka cheti cha ufundi wa majokofu na viyoyozi.

"Cheti cha nini, mzee wangu?" Shangazi alimuuliza. "Kazi si unaijua tayari?"

"Mikono haina mhuri, mwanangu. Nikienda kuomba kazi, wananiuliza karatasi iko wapi. Nimefungua mashine ambazo wao wakizisikia zikinguruma wanakimbia, lakini karatasi sina."

Vijana darasani ndio waliompa jina, maana hakuweza kuongea dakika kumi bila kuitaja kompresa, mashine inayosukuma gesi ya jokofu. Alikaa kiti cha mbele na aliandika kwa herufi kubwa za duara. Mwalimu alipokosea alimsubiri hadi mwisho wa kipindi ndipo amnong'oneze, na kwa adabu hiyo mwalimu akampenda. Alikuwa mjane. Aliishi peke yake chumba cha mwisho kwenye nyumba ya kupanga, na mtoto wake wa pekee, binti, alikuwa ameolewa mji wa mbali, safari ya siku nzima kwa basi.

Mwezi wa pili wa masomo alirudi dirishani akiwa ameikunja kofia yake mikononi. Presha ilikuwa imempanda, hospitali wakampangia kliniki kila Jumatatu, barua hawakutoa, na Jumatatu mbili alikuwa amekosa darasa.

"Usinifute, mwanangu. Nikitoka hapa sina mwingine atakayenipokea."

Shangazi alimwambia aende zake akasome, jina lake haligusi mtu. Jioni hiyo akamwendea mwalimu wa majokofu. "Yule mzee akikosa, mfunike," alimwambia. Hakutaja Jumatatu, na mwalimu hakuuliza, kwa sababu alikuwa na haraka ya kuwahi nyumbani.

Miezi minne ilipita salama. Kisha ikaja Alhamisi moja, kama saa kumi alasiri, foleni dirishani imefika mpaka mlango wa vyoo, na simu ya ofisi ikalia. Alikuwa binti wa Babu Kompresa. Kwa sauti yake tu Shangazi alijua kwamba hajalala.

"Samahani kwa usumbufu, mama. Namtafuta baba. Juzi simu yake iliita tu haikupokewa, na tangu jana haipatikani kabisa. Jirani yake pia hajamwona, mlango umefungwa. Mimi nina mtoto wa wiki tatu, nimeshafunga mzigo, lakini nimeona kwanza nikuulize wewe. Anakuja darasani?"

Vitabu vya mahudhurio vilikuwa vimeletwa muda si mrefu. Shangazi akavuta cha majokofu, akafungua kwa kidole gumba huku simu ameibana kwa bega. Jumatatu, vema. Jumanne, vema. Jumatano, vema. Alhamisi, vema. Alama nne safi za wino wa buluu. Mwanamke aliyeanzisha kufunika, aliyejua kuliko yeyote kwamba vema katika chuo kile inaweza kuwa haina maana yoyote, alizitazama alama hizo na kuziamini.

"Babako yupo, mwanangu. Leo kaja, jana kaja, juzi kaja. Wewe unalia, yeye yuko huku anawachosha watu na kompresa."

Binti alicheka, kicheko cha mtu aliyeshushiwa gunia kichwani. "Na simu?"

"Simu itakuwa imekufa chaji. Au kaifungua aone ndani mna nini, unamjua babako. Nikimwona namfinya sikio akupigie."

"Mungu akubariki, mama. Basi acha nimwambie jirani atulie, alikuwa amenitia hofu bure."

Shangazi akakata simu, akaendelea na foleni. Darasa la majokofu lilikuwa hatua arobaini kutoka kwenye kiti chake. Hakwenda. Alikuwa na watu kumi na wanne wa kuhudumia na jibu alilokuwa nalo lilimtosha.

Ijumaa saa nane na nusu mchana, baada ya kula, alikumbuka ahadi ya kumfinya mzee sikio, akaenda darasani huku anatabasamu. Mwalimu alikuwa anachora mabomba ubaoni. Kitabu cha mahudhurio kilikuwa wazi mezani, na mbele ya jina la Babu Kompresa palikuwa na vema ya leo, wino haujakauka vizuri. Kiti cha mbele kilikuwa kitupu.

"Babu yuko wapi?"

"Hajaja," mwalimu alisema bila kugeuka.

"Tangu lini?"

Mwalimu akageuka sasa, akawatazama wanafunzi kama mtu anayeomba msaada. Msichana wa kiti cha pili ndiye aliyejibu. "Hatujamwona tangu Ijumaa iliyopita, Shangazi."

"Na hizi ni nini?" Shangazi aliuliza, kidole kwenye kitabu.

"Si ulisema akikosa nimfunike?" mwalimu alisema. "Nimemfunika."

Shangazi alimshika mkono mbele ya darasa zima na kumvuta nje, na mwalimu, ambaye alikuwa mtu mzito wa kuelewa lakini si mtu mbaya, alielewa kabla hawajafika kwenye gari lake. Njiani Shangazi alimwelekeza mpaka kwenye nyumba aliyopanga mzee.

Ile nyumba ilikuwa na vyumba sita katika mstari mmoja, vyote vikitazama ukuta. Kwenye baraza ya chumba cha tano alikaa mshonaji, mwanamke mnene mwenye tepu ya kupimia shingoni, mguu juu ya cherehani. Walipouliza habari za mzee aliwashangaa.

"Si yuko kwenu? Binti yake kasema ninyi mmesema yuko kwenu."

"Hakuwa kwetu," Shangazi alisema.

Mshonaji aliondoa mguu kwenye cherehani taratibu. "Jana nilikuwa na nyundo mkononi," alisema. "Nilisikia kitu kinagonga ukuta wangu, chini kabisa, usawa wa sakafu. Kinagonga, kinanyamaza, kinagonga. Nikampigia binti nivunje mlango. Akasema ngoja niulize chuoni. Kisha akanipigia, akasema usivunje, baba yuko darasani, hao watakuwa panya." Akaivua tepu shingoni. "Nikairudisha nyundo. Usiku sikusikia tena kitu."

Mwalimu aliuvunja mlango kwa bega. Mzee alikuwa sakafuni kati ya kitanda na ukuta, amevaa shati safi, vifungo viwili vimefungwa na vingine bado. Upande mmoja wa mwili ulikuwa umekufa. Jicho moja lilikuwa wazi na lilikuwa linaona. Vifundo vya mkono wake mzima vilikuwa vimechubuka, na kwenye chokaa ya ukuta palikuwa na michirizi ya damu iliyokwisha kukauka. Shangazi alipiga magoti, akamwita jina lake la kweli. Mzee alimtazama. Midomo ilijaribu kitu, haikuweza.

Hospitali walimpokea haraka, hilo lazima lisemwe. Daktari, kijana aliyekuwa na macho mekundu ya zamu ndefu, alitoka baada ya saa moja akawaambia bila kuzunguka. Kiharusi. Kilimwangusha Jumanne au karibu na hapo. Kiharusi chenyewe kingeweza kumwacha hai, lakini siku tatu bila tone la maji zimeharibu figo. "Angeletwa jana tungekuwa na la kufanya," alisema. "Leo sijui." Babu Kompresa alikufa Jumamosi alfajiri. Binti alishuka kwenye basi saa sita mchana, mtoto mgongoni.

Kwenye benchi la hospitali, kabla binti hajafika, mshonaji alimshika Shangazi mkono kwa nguvu. "Yeye asijue," alisema. "Umenisikia? Asijue kwamba alinizuia kuvunja mlango baba akiwa anagonga. Ukimwambia utamzika na yeye." Shangazi akakubali kwa kichwa. Ilikuwa rahisi kukubali, na hilo ndilo lililomtia aibu baadaye. Alikuwa anamlinda binti, ndiyo, na wakati huo huo alikuwa anajilinda yeye mwenyewe, kwa kitendo kile kile kimoja.

Walimzika Jumapili. Jumatano binti akaja chuoni, akaketi ofisini kwa mkuu wa chuo na mtoto kifuani, akasema anachotaka. Alitaka barua. Daktari alikuwa amemwandikia kwamba baba yake alilala sakafuni tangu Jumanne, na yeye alijua si kweli, maana baba alikuwa darasani mpaka Alhamisi. Hospitali walimzembea, alisema, na sasa daktari anatunga uongo kujiosha. Alikuwa anapeleka malalamiko, daktari yule asimguse mzee wa mtu mwingine. Alichohitaji ni chuo kithibitishe mahudhurio.

Mkuu wa chuo hakufikiri mara mbili. Kitabu kilikuwa kinang'aa. Alimwita Shangazi, akamwagiza aandae barua yenye mhuri na nakala ya ukurasa, na akamsifu mbele ya mgeni kwa kutunza kumbukumbu.

Mwalimu wa majokofu alimsubiri kwenye korido. Alikuwa amekonda kwa siku tano. "Shangazi, andika tu," alisema kwa sauti ya chini. "Keshakufa. Ukisema ukweli tunafukuzwa sote wawili, na wale wote uliowafunika watafutwa kesho yake. Watu thelathini na kitu. Umewahesabu?"

"Nimewahesabu."

"Na huyo binti je? Una uhakika anataka kujua?"

Hakuwa na uhakika. Hiyo ndiyo ilikuwa kweli, na alienda nayo ofisini, akakaa mbele ya kompyuta, akaandika barua. Ilikuwa ya mistari sita. Aliitoa kwenye printa ikiwa bado ina joto, akaisoma, na hakukuwa na kosa ndani yake ila kwamba ilikuwa uongo mtupu. Kesho au mwezi ujao kijana yule wa macho mekundu angeitwa kwenye chumba fulani na kuwekewa karatasi hiyo mezani, na neno lake lisingefua dafu mbele ya mhuri wa chuo.

Binti aliingia akakaa kiti cha plastiki kando ya meza. Mtoto alikuwa amelala na ziwa mdomoni. Akapokea barua, akasoma polepole, akasoma kwa sauti ule mstari wa siku. "Jumatatu, Jumanne, Jumatano na Alhamisi." Kisha akainua uso.

"Alhamisi alikaa wapi?"

"Unasemaje?"

"Darasani. Alikaa kiti gani? Alisema chochote? Aliwachekesha?" Alifuta pua kwa upande wa kanga. "Najua ni maswali ya kijinga, mama. Lakini ninyi ndio mlimwona mwisho. Mimi nilikuwa sijamwona mwaka mzima. Niambie tu siku yake ya mwisho ilikuwaje."

Shangazi angeweza kumpa siku hiyo. Alikuwa anamjua mzee vya kutosha kuitunga, maneno yote na vicheko vyote, na ingekuwa zawadi ambayo binti angeondoka nayo maisha yake yote. Alifungua mdomo kuianza. Akaona vile vifundo vya mkono.

"Hakukaa popote," alisema. "Hakuwepo Alhamisi. Hakuwepo wiki nzima."

Akamweleza kila kitu kama kilivyokuwa, sheria ya kufuta, mchezo wa kufunika, kliniki za Jumatatu, neno alilomwambia mwalimu na neno alilosahau kumwambia. Hakujitetea. Alimwambia kwamba daktari alisema kweli. Alisema kwamba angefunikwa Jumatatu peke yake, jina lingeletwa dirishani Jumatano alasiri, naye angepiga simu nyumbani siku hiyo hiyo, na mlango ungevunjwa. Alisema, "Ni mimi."

Binti alimhamisha mtoto kutoka ziwa moja kwenda jingine, akafunga kifungo cha upande wa kwanza, na ilimchukua muda mrefu.

"Kwa hiyo waliokuwa wakigonga hawakuwa panya," alisema.

"Hawakuwa panya," Shangazi alisema.

"Jirani anajua?"

"Anajua."

"Siku zote hizi nalala kwake. Ananiandalia maji ya kuoga. Ananishikia mtoto nikila." Aliitazama barua kwenye mapaja yake, akaikunja mara mbili, akaiweka mezani. "Niandikie nyingine."

"Nitaandika. Nitaandika kwamba nilikosea, na nitaweka sahihi yangu."

"Siyo hivyo. Andika siku kwa siku, kama kwenye kitabu. Hiyo nitampelekea daktari."

Shangazi akageukia kompyuta. Alikosea herufi, akafuta, akaanza upya. Jumatatu, alikwenda kliniki, hakuhudhuria. Jumanne, hakuhudhuria. Jumatano, hakuhudhuria. Binti alikuwa ameinuka, amesimama nyuma yake, na alisoma kila neno lilipotokea.

"Alhamisi," Shangazi alisema. "Hakuhudhuria."

"Hapo ongeza," binti alisema. "Andika kwamba mtoto wake alipiga simu kuuliza, akaambiwa yupo, akaridhika."